Mpango wa kuwalinda wanyama uanzie darajani Rusizi

UKIFIKA kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza alfajiri, mpaka unapokaribia kufunguliwa, utawakuta akina mama wamekwisha kupanga foleni. Huyu ana beseni la nyanya, huyu ana trei za mayai, yule amejitwika viazi. Wanavuka kwenda kuuza Bukavu, na jioni wanarudi na vitenge, mafuta ya mawese na chochote kitakacholeta faida kesho yake. Mimi ni mmoja wa watu wa foleni hiyo. Nilizaliwa Uvira, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1959, nikarudi nchi ya wazazi mwaka 1995, na tangu hapo daraja hili ndilo shamba langu.

Leo nataka kuzungumzia wanyama wetu walio hatarini kutoweka, na nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 2009 bwana mmoja wa Kigali aliniagiza kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Nilimpata Bukavu kwa bei ndogo kuliko nilivyotarajia. Nikamtia kwenye kikapu, juu yake nikapanga vitenge, nikavuka kama kawaida. Hakuna aliyeniuliza neno. Nilipofika nyumbani Kamembe nikafunua kikapu, ndege alikuwa amekwisha kufa kwa kukosa hewa. Ukweli ni kwamba siku ile nililia hela yangu. Ndege nilikuja kumlilia miaka mingi baadaye, nilipojua kwamba wenzake wamepungua kiasi kwamba mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg na kukubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini.

Kasuku yule alikuwa wa misitu ya Kongo, si wa kwetu. Lakini kikapu kilichombeba kingeweza vilevile kumbeba ndege wa mabonde yetu, au nyama ya mnyama wa Nyungwe, na mimi nisingejua tofauti. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mipango ya taifa ya kuwahifadhi wanyama huandikwa Kigali na kutekelezwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Huku kwetu Rusizi, wilaya inayopakana na nchi mbili, kazi kubwa iko nje ya hifadhi, kwenye barabara, soko na daraja. Mpango usiomfikia mchuuzi wa darajani una tundu, na maji hayakai kwenye mtungi wenye tundu.

Naomba nieleweke. Sisemi serikali imelala. Rwanda iliandika mkakati wake wa kwanza wa bayoanuwai mwaka 2003, ikauandika upya mwaka 2016. Mwaka 2008 ilitoka amri ya waziri yenye orodha ya wanyama na mimea inayolindwa. Oktoba 2021 ikapitishwa sheria mpya ya bayoanuwai, na adhabu zake si za mchezo. Desemba 2022 nchi za dunia zilikutana Montreal zikakubaliana malengo mapya hadi mwaka 2030, na kila nchi ikatakiwa kuupitia tena mkakati wake. Karatasi zipo, na ni nzuri. Swali langu ni moja tu: ni mama gani wa nyanya, katika foleni ile ya alfajiri, aliyewahi kuonyeshwa orodha hiyo hata kwa picha?

Sisi tuliorudi tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, hata kama si wengi wanaopenda kulitamka. Sehemu ya ardhi tuliyopewa ilikuwa ya wanyama. Baada ya mwaka 1994 watu walirudi kwa malaki, wengine na mifugo yao, na nchi ilikuwa haina pa kuwaweka. Mwaka 1997 mbuga ya Akagera ilipunguzwa, karibu theluthi mbili ya eneo lake ikagawiwa watu. Kaskazini mwa mkoa wetu, msitu wa Gishwati uliokuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970 ulibaki na hekta 600 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haki isemwe: Gishwati haikumalizwa na waliorudi peke yao, maana mradi wa malisho ya ng'ombe wa miaka ya 1980 ulikuwa umekwisha kufyeka sehemu kubwa. Lakini sisi ndio tuliokuja kumalizia.

Kaka yangu ni mmoja wa waliopata kipande upande huo wa Gishwati. Miaka ya mwanzo alivuna viazi mpaka akakosa pa kuviweka. Baadaye mvua zikaanza kuuchukua udongo wake, mwaka hadi mwaka, kwa sababu mlima uliovuliwa miti hauna cha kushika maji. Mwaka 2007 mafuriko ya eneo lile yaliua watu na kubomoa nyumba, na familia nyingi zikahamishwa. Kaka yangu alihama kwa mara ya pili katika maisha yake. Mara ya kwanza alikimbia watu, mara ya pili alikimbia mlima.

Simlaumu aliyetoa ardhi ile, wala simlaumu aliyeipokea. Mtu aliyekaa ukimbizini miaka zaidi ya thelathini huwezi kumwambia asubiri nyani wapate nafasi kwanza. Lakini tazama gharama ya kupanga makazi ya watu bila kupanga ya wanyama. Simba wa Akagera waliuawa wote, wengi kwa sumu ya wafugaji waliokuwa wanalinda ng'ombe wao. Mwaka 2015 ilibidi tuletewe simba 7 kutoka Afrika Kusini kwa ndege, na mwaka 2017 faru weusi 18, maana nao walikuwa wamekwisha. Gishwati ikabidi iunganishwe na Mukura na kufanywa hifadhi ya taifa, ili kuokoa kilichobaki pamoja na kikundi kidogo cha sokwe waliomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tumeujenga kwa gharama kubwa.

Nyungwe yetu bado iko katika hatua ya ufa. Msitu huu wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mwaka 2020 usimamizi wake ulikabidhiwa kwa shirika la African Parks kwa ubia na serikali, na Septemba 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo tumeipata tukiwa tumekwisha kupoteza. Nyati wa mwisho wa Nyungwe aliuawa katika miaka ya 1970. Tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999, wakati mimi nina umri wa kutosha kuvuka daraja na mzigo wangu kichwani. Mtoto wa Rusizi leo akitaka kumwona tembo ndani ya nchi yake, lazima asafiri mpaka Akagera, upande wa pili wa nchi.

Waliobaki ni wengi, ashukuriwe Mungu. Wamo sokwe, wamo mbega wanaotembea kwa makundi ya mamia, wamo kima wenye uso kama wa bundi ambao hata wenyeji wengi hatujawahi kuwaona. Mwaka 2019 watafiti walimkuta Nyungwe popo mdogo ambaye hakuwa ameonekana kwa takriban miaka 40, kiasi kwamba wengine walidhani amekwisha kutoweka duniani. Na hapa hapa wilayani kwetu kuna Cyamudongo, msitu wa hekta zipatazo 300 uliotenganishwa na Nyungwe kwa mashamba. Ndani yake wanaishi sokwe. Fikiria kisiwa kisicho na mashua. Waya mmoja wa mtego wa swala ukimnasa mama sokwe pale, si jambo dogo, maana wenyewe ni wachache na wa kuja kuwaongezea hawana njia.

Najua jibu litakalotolewa. Watu kwanza, wanyama baadaye. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nimelisikia jibu hilo sokoni Kamembe, na nimelisikia kutoka kwangu mwenyewe mwaka 2009. Halina uongo wote ndani yake. Anayelima kando ya msitu, akiamka akute mahindi yake yameliwa, humwambii habari za urithi wa dunia akakuelewa. Ndiyo maana ni jambo jema kwamba tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudishwa kwa majirani wa hifadhi, na mwaka 2017 fungu hilo likapandishwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. Kuna pia mfuko wa kuwafidia walioharibiwa na wanyama. Ushauri wangu hapo ni mfupi: fidia ije kabla ya msimu mwingine wa kupanda. Fidia inayomkuta mkulima amekwisha kukopa kwa jirani haimgeuzi kuwa rafiki wa msitu.

Lakini mchuuzi wa darajani hayumo katika hesabu hiyo. Yeye hapakani na hifadhi, hapati asilimia 10, hapati fidia, wala hajaitwa kwenye mkutano. Anachokipata ni adhabu tu, siku atakapokamatwa. Na tusidanganyane: anayekamatwa ni yule wa kikapu. Aliyeagiza mzigo amekaa nyumbani kwake mbali, jina lake halijulikani hata kwa aliyeubeba. Mimi mwenyewe yule bwana wa kasuku nilimjua kwa namba ya simu tu. Ningekamatwa siku ile, watoto wangu ndio wangelala njaa, naye angempigia mwingine.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na imekwisha kujaribiwa hapa hapa nchini. Wengi wetu tunawakumbuka misambi, wale korongo wenye taji ya dhahabu kichwani, walivyokuwa wakifugwa kwenye nyua za watu wenye uwezo na kwenye bustani za mahoteli. Jirani yangu mmoja, mzee aliyerudi kutoka Bujumbura, alikuwa nao wawili. Alikuwa amewakata mabawa wasiruke, na kila mgeni alionyeshwa kama anavyoonyeshwa ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda. Hakujua kwamba korongo wa ndani hawazai kwa urahisi, na kwamba kila anayenunuliwa ni mmoja aliyepungua bondeni.

Daktari wa mifugo wa Kinyarwanda, Olivier Nsengimana, kwa kushirikiana na serikali, alianzisha kampeni ya kuwaondoa ndege hao majumbani. Kitu cha kwanza kilichotangazwa redioni hakikuwa adhabu. Walioitwa ni wenye ndege, wajiandikishe wenyewe, wawatoe, na hakuna atakayeshitakiwa. Zaidi ya korongo 200 waliandikishwa. Wenye uwezo wa kuruka walipelekwa Akagera wakazoezwa tena maisha ya porini, na wale waliovunjwa mabawa wakatengenezewa makao ya kudumu Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village, palipofunguliwa mwaka 2021. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu korongo 487 nchi nzima. Mwaka 2022 walihesabiwa zaidi ya 1,000. Jirani yangu aliwatoa wake bila kuvutwa shati. Aliniambia, "Wangekuja na pingu, ningewachinja usiku nikazika manyoya." Sentensi hiyo ya mzee ina elimu kuliko semina nyingi.

Ipo pia njia ya gorila wa milimani. Wale wa Virunga hawana pasi ya kusafiria. Leo wako Rwanda, kesho Kongo. Wakaja kuokolewa kwa sababu Rwanda, Uganda na Kongo zilikubali kuwalinda kwa pamoja na kuwahesabu kwa pamoja, hata wakati serikali zenyewe hazisalimiani. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilifikia gorila 1,063, na mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameshushwa daraja la hatari katika orodha ya dunia. Walipokosa ulinzi wa namna hiyo wenzao wa Kahuzi-Biega, ng'ambo ya ziwa letu, tuliona. Katika miaka ya vita iliyoanza mwaka 1996, gorila wa sehemu ya milimani ya hifadhi ile walipungua karibu nusu, na tembo wa huko juu wakamalizwa. Bunduki ziliwaua wanyama wale, lakini pembe hazikutembea zenyewe. Zilibebwa na watu, zikapita njia za watu.

Atatokea wa kusema kwamba kwa hali ya jirani zetu mipango ya pamoja haiwezekani. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake nasi. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23. Sasa utapanga na nani habari za korongo? Swali ni la haki. Ila sisi wa darajani tunajua jambo ambalo wakubwa hulisahau: vita vyote hivyo tumevipitia tukivuka. Daraja likifungwa tunangoja, likifunguliwa tunapita. Nyungwe na Kibira ya Burundi ni msitu mmoja, na sokwe hakupokea barua ya kufungwa mpaka. Mpango unaosubiri amani kamili utasubiri mpaka hakuna cha kuhifadhi.

Tena mfano wa ushirikiano tunao mezani kila siku. Sambaza si samaki wa asili wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili apate kuzaa, na wachuuzi wa sambaza wanajua tarehe hizo kama wanavyojua tarehe za kodi ya nyumba. Wananung'unika, wanageukia biashara nyingine, kisha ziwa linafunguliwa na samaki wamenenepa. Hakuna aliyewafundisha kwa vitabu. Waliona faida kwa macho. Kama tunaweza kumpumzisha samaki mgeni, je, wanyama wa asili yetu tutashindwa?

Basi nawaomba wanaopanga, kwa heshima zote, wafikirie mambo manne. La kwanza, orodha ya wanyama wanaolindwa ibandikwe darajani na sokoni, kwa picha, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, nacho ndicho kinachovusha bei kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. La pili, kitolewe kipindi cha msamaha kama cha korongo: aliye na ndege, mnyama, ngozi au pembe akabidhi bila kushitakiwa, na anayemjua mnunuzi mkubwa aseme kwa siri. Kipindi kikiisha, sheria ya mwaka 2021 ifanye kazi yake, ianzie kwa aliyeagiza.

La tatu, vyama vya ushirika vya wachuuzi vifanywe wadau wa kweli. Sisi tunajua nani amebeba nini kabla ya ofisa kuona. Mlinzi wa msitu analipwa mshahara kwa kulinda, nasi tulipwe japo kwa mikopo nafuu ya vyama vyetu, itokane na fedha hizo hizo za utalii. La nne, maofisa wa hifadhi na wa forodha wa pande zote, hata wakikosa kukutana wakiwa wamevaa tai, wabadilishane habari za mizigo kama tunavyobadilishana sisi noti, kila siku na bila hotuba.

Na kwa wenzangu wa foleni ya alfajiri, pamoja na ninyi nyote mliorudi: tulipokuwa ukimbizini tulifundishwa majina ya vilima ambavyo hatujawahi kuviona, na nyimbo za wanyama ambao wazazi wetu waliwaacha nyuma. Tuliporudi tulikuta baadhi ya majina hayana mwenyewe. Tunajua uchungu wa kukosa nchi. Sokwe wa Cyamudongo hana nchi nyingine ya kurudi.

Yule bwana wa Kigali alinipigia tena mwaka uliofuata. Alitaka wawili safari hii, na bei alikuwa ameipandisha. Nilimwambia simu haisikiki vizuri, nikakata. Sikuwa shujaa, nilikuwa naogopa hasara tu. Leo akinipigia ningempa sababu nyingine, na ningependa kila mama aliye nyuma yangu kwenye foleni awe nayo pia kabla hajafunika kikapu chake.